Mizani ya Ndege Wadogo

Mpendwa Baba,

Mwangaluka. Nimeanza na salamu yako ya asubuhi kwa sababu nakuandikia asubuhi, nimekaa kwenye kigoda chako hapa uani Igogo, na mbele yangu mizani yako bado inaning'inia kwenye nguzo. Sahani haina kitu. Upepo wa ziwani ukivuma inashuka yenyewe, taratibu, kama vile kuna kitu kizito kimetua, halafu inapanda. Mwaka unakwisha sasa na bado sijaizoea. Kila ikishuka nageuka kuangalia nani amekuja.

Nitasema haraka kilichonileta, maana ulikuwa humpendi mtu wa kuzunguka. Nilikudanganya, Baba. Miezi miwili ya mwisho ya maisha yako nilikuambia kwamba masikio yako yanakufa, na haikuwa kweli. Ulikuwa umeshapoteza macho, mimi nikakuongezea ukiziwi kwa mdomo wangu. Kisha uongo ule ukaingia kwenye wasifu wako. Kaka Shija aliusoma kule Magu mbele ya jeneza, waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huruma, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kitenge kichwani, nikanyamaza.

Jumamosi hii ni misa yako ya mwaka. Jana Shija amenitumia wasifu ule ule kwenye simu, anataka niupitie kama una makosa kabla hajausoma tena. Sentensi yenyewe ipo pale pale ilipokuwa: "Katika miezi yake ya mwisho marehemu alipoteza pia usikivu." Nina siku tatu za kuamua niiache au niitoe. Nikiitoa lazima niseme kwa nini. Ndiyo sababu nakuandikia barua ya wazi, ambayo yeyote aliyekuwepo Magu siku ile anaweza kuisoma. Walisikia uongo, acha na hili walipate.

Nakumbuka siku ulipoileta mizani hii nyumbani. Ulikuwa umestaafu ufundi wako wa mizani, umechoka kuzunguka masokoni na kwenye maghala ya pamba, na Mama alikuwa bado hai. Ukaingia getini na mizani kuukuu ya mkono begani, ile ya chuma yenye mti wa katikati, ambayo mwenye duka mmoja alitaka kuitupa. Mama akakuuliza unataka kupima nini tena. Ukasema, ndege. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba mume wake amepima marobota na magunia maisha yake yote, na sasa anapima shomoro.

Lakini ulikuwa unajua unachofanya. Upande mmoja ulifunga sahani, ndani yake chenga za mchele kutoka Magu na mtama kiganja kimoja. Upande wa pili ulining'iniza kopo lenye nati za chuma. Ulizipanga nati zile kwa uangalifu, ukitoa na kurudisha, mpaka upande wa kopo ukazidi kidogo tu. Wakija shomoro watano, sita, mizani haikutikisika. Akitua kunguru, sahani ilishuka ghafla chini yake kama sakafu iliyooza, naye aliruka juu akipiga kelele kwa hasira, akaenda kutafuta cha kula kwingine. Tulikuwa tunacheka, mimi na wewe, kila mara. Ulisema kunguru ni mwerevu kuliko diwani, lakini hapendi mahali pasipotulia.

Kila adui alikuwa na dawa yake. Korongo, wale wa upara wenye mfuko shingoni wanaoshinda kwenye majalala ya samaki, hawakuweza kukaa kwenye sahani, ila walipenda kutua juu ya ukuta na kuwatisha wadogo. Uliwafungia mishipi ya kuvulia juu ya ukuta, mistari mitatu, urefu wa goti la mtu. Korongo akija na miguu yake mirefu alikosa pa kuikunjia, akaenda kusimama kwenye lile jawe kubwa la nyuma. Mwewe hukuwa na la kumfanya, kwa hiyo ulikataa ua wa michongoma usikatwe hata ulipozidi paa, ili ndege wapate pa kukimbilia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kulalamika mara mbili kuhusu ua ule. Ulimkaribisha chai, ukamwonyesha ndege, akaondoka bila kukumbuka alichojia.

Na sheria yako kubwa: samaki asifike uani. Wala kichwa, wala utumbo, wala maji ya kuoshea. Ulisema harufu ya samaki ikishaingia hapa, hakuna mizani itakayosaidia.

Niliwahi kukuuliza kwa nini mtu mzima unajisumbua hivyo na ndege wasio na mwenyewe. Ukanisimulia mashamba ya mpunga ya babu, na jinsi ulivyoamia ndege tangu mpunga ukianza kujaa mpaka unavunwa, umepanda kichuguu na kombeo na madongo, unapiga mayowe tangu jua linachomoza. Ulisema ulikuwa na shabaha mbaya sana, yaani nzuri sana. Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Utoto wangu wote niliwanyima. Sasa wacha wale." Nilikuwa na miaka kama thelathini wakati huo na nikaona ni maneno ya mzee tu. Sasa nayakumbuka kila nikishika mchele.

Halafu ikaja presha ya macho. Kwanza ulipoteza pembeni, ukawa unagonga miimo ya milango, kisha mbele pakawa ukungu, kisha giza. Nilifunga kibanda changu pale stendi ya Nyegezi nikarudi nyumbani kukuuguza. Sikulazimishwa. Mama alikuwa ametangulia, Shija yuko Dodoma na familia yake, na mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza naenda wapi. Nasema hivi watu wasidhani nilikuchukia. Nilikupenda sana, Baba, na mengi niliyoyafanya vibaya niliyafanya nikiwa nakupenda.

Mwanzoni tulikuwa vizuri. Kitanda chako tulikisogeza dirishani, nami kila asubuhi nilijaza sahani kisha nikaja kukufungulia pazia. Ulikuwa unauliza, "Wamekuja?" Nilisema wamekuja, na hapo wewe ulianza kuwataja kwa sauti zao. Yule anayegombana ni mnana. Yule anayechonga kama msumeno mdogo ni shomoro dume. Kuna mmoja amekaa kando hali, anangoja, ni tetere. Nikichungulia nakuta kweli tetere amekaa kando. Nilikuwa nakuambia wewe unaona kuliko mimi, na ulifurahi, uso wako ulikuwa unafunguka wote.

Kazi ya nati ndiyo iliyonishinda. Ulikuwa umenifundisha: kadiri chenga zinavyoliwa sahani inakuwa nyepesi, kwa hiyo lazima usimame pale utoe nati moja, baadaye nyingine, la sivyo kunguru atakaa bila wasiwasi. Wewe ulikuwa na asubuhi nzima na mkono wa fundi. Mimi nilikuwa na ndoo za kumwaga, uji wa kukoroga, mashuka ya kufua. Na nilikuwa nimeanza kuanika dagaa wa kuuza. Ndiyo, uani. Niliwaanika upande wa jikoni nikidhani harufu haitafika kwako, kumbe mtu kipofu ana pua ya ajabu. Siku hiyo hiyo ulisema, "Mayu," kwa lile neno lako la kumwita binti mama, "unawaita wenyewe." Nikakujibu kwa ukali kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, kama hutaki niifanye, nani atakulisha. Hukuwataja tena dagaa.

Wakaja, kweli. Kwanza kunguru wawili, baada ya wiki moja ukuta mzima. Walijifunza haraka kwamba mimi sitoi nati. Walikaa kwenye sahani kama wamelipia viti, wakala chenga, wakashuka kwenye dagaa, wakarudi. Ndege wadogo walijibanza ndani ya michongoma wakilia. Mishipi juu ya ukuta ilikatika nami sikuifunga, na korongo wakaanza kusimama pale wanatazama ndani. Nilirusha mawe. Nilifunga mifuko ya plastiki kwenye nguzo. Nilitoka na mwiko mkononi kama mwendawazimu, majirani wakicheka. Na wewe dirishani kila siku unasema wadogo wanalia, mayu, waangalie wadogo.

Siku moja nikachoka. Nilichukua dawa ya kuulia wadudu iliyobaki stoo, nikachanganya na utumbo wa samaki kwenye kopo, nikapaka juu ya ukuta. Sikukuambia. Nilijua ungesema nini, wewe uliyepigana na kunguru miaka yote bila kumuua hata mmoja. Nilisema moyoni, wakifa watatu wanne, wengine watajua. Kesho yake asubuhi na mapema nikachota chenga kwa kopo, nikajaza sahani. Kopo lile lile, Baba. Nililisuuza kwa maji mara moja tu nikaona limetakata. Macho yangu mazima yaliona kopo safi.

Nilipotoka na maji yako ya kunawa walikuwa wamelala chini ya mizani. Shomoro, minana, wale wadogo wenye mashavu ya buluu. Wengine walikuwa bado wanatetemeka mguu mmoja. Tetere alikuwa amekaa kando, mdomo wazi, na nilipomshika alikuwa wa moto bado. Kunguru waliokufa walikuwa wawili tu, nyuma ya ukuta, na wengine wote walikuwa wameruka wamekwenda, wala hawakurudi tena. Uwanja ulikuwa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia Mwanza, mji huu wenye kelele hata kwenye mawe yake. Nilichukua jembe nikachimba chini ya michongoma. Nilikuwa nawaweka mmoja mmoja, nashindwa kuwatupa kwa mkupuo.

Ndipo ukaita kutoka dirishani. "Mayu, wamekuja?"

"Wamekuja, Baba."

Ukasogeza sikio dirishani. "Mbona siwasikii?"

Nilikuwa nimeshika udongo. Ningesema tu. Ungenuna siku mbili, ungeacha kula mchana mmoja, basi, tungeanza upya. Lakini niliuona uso wako dirishani umegeuzwa upande wa mizani, umeinama kidogo, unangoja, na nikasema, "Itakuwa masikio, Baba. Uzee huo. Huwa yanaanza na sauti ndogo ndogo."

Ulijigusa sikio. Nakuona mpaka leo ulivyojigusa, kama mtu anayekagua kitasa. Ukasema, "Haya."

Nilidhani nimeongopa neno moja. Ndege wangerudi wiki ile, ungewasikia, tungesema masikio yamepona. Nikaosha sahani kwa sabuni na majivu, nikaweka chenga mpya, mtama mpya. Asubuhi ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Chenga ziliota ukungu kwenye sahani. Na wewe kila asubuhi: "Wamekuja?" Nami kila asubuhi: "Wamekuja." Nikaanza kukutajia kwa majina, huyu hapa mnana, yule kule shomoro, nimesimama mbele ya uwanja mtupu nikisimulia ndege ambao niliwafukia kwa mikono yangu. Ulikuwa unatikisa kichwa unaitikia. Wakati mwingine niliposema tetere, niligeuka kuangalia pale kando.

Uongo ukitaka kukaa lazima uuhudumie. Nikaanza kuongea na wewe kwa sauti kubwa ili ionekane kweli. Jirani akasikia napiga kelele, akauliza, nikamwambia mzee sasa hasikii. Shija akapiga simu, nikamwambia hivyo hivyo. Alitaka akutumie nauli ya kwenda kupimwa masikio hospitali, nikakataa, nikasema ni umri, tusimsumbue mzee. Wageni wakawa wanakusalimia kwa kukushika mkono tu, halafu wanageuka kuongea na mimi. Ulikuwa mtu wa maneno, Baba, fundi wa mizani gani asiye na maneno, nami nikakuzimia watu wote. Ukazoea kulala umeelekea ukutani.

Sasa nafika kwenye siku ya mvua. Ilikuwa Jumapili. Shija alikuwa amekuja kutoka Dodoma, na Shangazi, dada yako, amekuja kutoka Magu na kikapu cha mchele. Mvua ikatufungia wote ndani ya chumba chako, maana sebule ilikuwa inavuja. Tulikaa hatua mbili kutoka kitandani na tukaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, maana wewe ulikuwa kiziwi. Shangazi aliuliza ikitokea tutakuzika wapi, Magu au hapa mjini. Shija akasema afadhali hapa, kusafirisha mwili ni usumbufu, na nyumba hii baadaye tutaona, pengine ipangishwe. Na mimi, Baba, mimi niliyekuwa najua kwamba masikio yako hayana ugonjwa, mimi peke yangu ndani ya chumba kile niliyekuwa najua, nilikuwa nimeusema uongo wangu mara nyingi mno kiasi kwamba na mimi niliuamini. Nikasema, "Nimechoka, Shangazi. Bora Mungu amchukue tu, mimi nami nipumzike."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Kesho yake hukuuliza kama wamekuja. Wala siku iliyofuata. Hukuuliza tena kamwe. Nilishukuru, Mungu anisamehe, niliona nimetua mzigo. Ukaanza kunishukuru kwa kila kitu, uji asante, maji asante, mto ukigeuzwa asante. Asubuhi moja nilipokuwa nakuvua shati ulinishika kiganja ukasema, "Usichoke, mayu. Siku si nyingi." Nilidhani unaongea tu, wagonjwa wanaongea. Wiki mbili baada ya siku ile ya mvua ulifariki, saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba.

Jana baada ya kusoma ujumbe wa Shija nilimpigia. Nikamwambia yote, kopo, jembe, masikio. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo siku ile ya mvua alitusikia?"

Nikasema alitusikia. Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Baadaye akasema niiache sentensi kama ilivyo. Mimi na yeye tutajuana na Mungu, lakini Shangazi ni mtu mzima, ana presha, je, atalala vipi akijua kwamba alipanga kaburi la kaka yake na kaka yake anamsikiliza? Tumwache na amani yake. Na hapo ndipo nilipokwama, Baba. Nikikurudishia masikio yako, nampa Shangazi jeraha. Nikimwacha Shangazi salama, nakuzika kiziwi mara ya pili. Nimekaa hapa tangu asubuhi na kalamu, sahani inapanda, inashuka, na jawe la nyuma lina korongo mmoja anatazama dirisha lako kama anakungoja uamke.

Naendelea Ijumaa.

Jana nilikwenda Magu. Nilisema, kama Shangazi ataumia, basi aumie akiwa nyumbani kwake, mbele yangu mimi, asije akaumizwa kanisani na karatasi. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo. Nikapiga goti, shikamoo Shangazi, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda na konzi ya mchele nichague naye. Nikaona ni afadhali, mikono iwe na kazi. Nikamweleza. Nilipofika kwenye kopo nilianza kulia, nikaendelea hivyo hivyo mpaka siku ya mvua, mpaka maneno yangu, ambayo aliyasikia mwenyewe.

Shangazi hakuacha kuchagua. Alitoa jiwe, akalitupa uani, akasema, "Milembe, mimi niliongea naye."

Alisema siku ile mvua ilipokatika, mimi na Shija tukatoka kutafuta bajaji, yeye alirudi chumbani kuchukua khanga yake. Alikuwa ameinama anaitafuta chini ya kitanda aliposikia sauti yako kutoka ukutani, ya chini, iliyo sawa kabisa. Ulisema, "Nizikeni Magu."

Aliogopa, akakaa chini sakafuni. Akakuuliza, kumbe unasikia? Ukamwambia unasikia kila kitu, unasikia hata mvua ikidondoka kwenye sufuria za sebuleni. Ukamwambia ndege walikufa, ulisikia jembe asubuhi ile, na mtu halimi chini ya michongoma. Akauliza kwa nini hukumwambia mtoto. Ndipo Shangazi alipoacha ungo, akanitazama, akanipa maneno yako kama ulivyompa. "Amekosa pa kuanzia. Nilikuwa namuuliza kila asubuhi ili apate pa kuanzia. Sasa ameshasema neno lile, akijua kwamba nasikia hatapona. Usimwambie mayu kwamba nasikia."

Kwa hiyo ndiyo sababu Shangazi alisimama kidete msibani, mwili uende Magu, hata Shija akashangaa. Na ndiyo sababu wasifu uliposomwa naye alinyamaza. Tulikuwa wawili mstari ule wa mbele tunaojua, kila mmoja amefunika mdomo kwa upindo wa nguo yake.

Nilikasirika, Baba, sikufichi. Njiani kurudi, mpaka tunavuka daraja la Simiyu, nilikuwa nimekukasirikia. Ungenipiga. Ungenifokea mbele ya Shija. Ungesema mara moja tu, mayu, mimi si kiziwi, nami ningeanguka chini nikuombe msamaha na ungekuwa hai wa kunisamehe. Badala yake ulilala wiki mbili umeelekea ukutani, ukijifanya hukusikia tunapokuja na tunapoondoka, ili mimi nisijue nilichokifanya. Kazi niliyokupa kwa uongo uliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote. Hakuna aliyekuomba. Nilikuwa nataka kukwambia hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, na safari hii hakuna wa kunisikia.

Leo asubuhi nimempigia Shija. Nimemwambia Shangazi alikuwa anajua, kwa hiyo hakuna wa kumlinda tena isipokuwa sisi wawili, na sisi hatustahili. Akasema kama ndivyo nisome mimi, yeye sauti haitatoka.

Nimekubali. Nimefuta sentensi ile, na mahali pake nimeandika nyingine kwa lugha ile ile ya wasifu, kwa sababu nilijaribu maneno mazuri zaidi na yote yalikuwa yananitetea. Kesho nitasimama kanisani Magu, mbele ya wote waliokuhurumia, niisome: "Hadi siku anafariki, marehemu alikuwa anasikia vizuri, na aliyasikia yote tuliyoyasema."

Pumzika, Baba. Huna tena sababu ya kujifanya hunisikii.

Binti yako,
Milembe